Nukta Nyekundu Chini ya Jicho la Shemeji

Kama gazeti lako la wiki iliyopita liliazimwa na jirani na hadi leo halijarudi, nakupa kwa kifupi, ila usinikatize.

Nilichagua kamera kama watu wanavyochagua wachumba: kwa macho. Kipaza, mwenzangu wa studio anayeshughulika na sauti, alinisihi tuchukue ile ndogo mpya, nyepesi, isiyoogopa vumbi. Mimi nikaitaka kamera ya sinema, iliyokwisha kutumika, nzito kama tofali, kwa sababu ya rangi zake. "Ona giza lake lilivyo laini," nilimwambia. Akajibu, "Giza tunalo bure." Nikainunua.

Mteja wa kwanza alipoona picha zingali kijivu, kabla sijazipaka rangi, alipiga yowe akidhani nimemrekodi mama yake akiwa maiti. Wa pili, betri zilikata roho bwana harusi akiwa amefungua kinywa kusema ndiyo. Balaa la tatu ndilo lililonifikisha hapa. Tamashani, taa za leza zikifagia ukumbi, mwale mmoja uliingia moja kwa moja kwenye lenzi ukaunguza kihisi, kile kibamba kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga.

Tangu siku hiyo, kila ninachorekodi kina nukta nyekundu. Haihami. Iko pale pale, juu kidogo ya katikati, upande wa kulia. Ukirekodi ukuta, iko ukutani. Ukirekodi bibi harusi, iko puani.

Nikatengeneza kiraka. Kila klipu inayoingia kwenye kompyuta yetu ya kuhariri inabandikwa kiraka hicho chenyewe, bila mimi kugusa kitu, na nukta inafunikwa kwa rangi za jirani zake. Wateja hawaoni. Mimi mwenyewe nilishaanza kuisahau.

Na kabla ya tamasha hilo, wakati leza ya watu haijanigusa, shemeji yangu alikuwa amepotea.

Mume wa dada yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Reli tunayoitelezeshea kamera aliiunga yeye. Asubuhi moja alitoka karakanani kwake, akaacha kinyago chake cha kuchomelea juu ya meza, na hakurudi. Tulizunguka hospitali. Tulibandika picha zake kwenye nguzo za umeme mpaka gundi ikatuganda vidoleni. Siku ya tamasha nilikuwa na mabaki ya gundi hiyo kwenye kucha, nakumbuka, maana nilishindwa kufungua kifuniko cha lenzi.

Dada yangu ni fundi cherehani. Kukaa peke yake na karakana iliyonyamaza kulimshinda, kwa hiyo cherehani yake ilihamia chumba cha mbele cha studio yetu. Asubuhi anakuja, jioni anarudi kwake. Ana ufunguo wa mlango.

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni, na Bosi Godoro akigonga.

*

Bosi Godoro ni kaka yake shemeji. Anauza magodoro, na Mungu alimuumba kwa umbo la bidhaa zake. Hakukaa. Alinyoosha flashi ndogo kama mtu anayemnyooshea mtoto dawa chungu.

"Binti, ndugu yangu amesema."

"Amepatikana?"

"Nimesema amesema. Sijasema amepatikana."

Chumba cha mbele, cherehani ikanyamaza. Dada alitokea mlangoni, kitambaa begani, pini zimebanwa midomoni. Hakuuliza neno. Nilidhani ni kwa sababu ya zile pini.

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ndogo ya mezani, ile ya kuonyeshea wateja, ambayo kioo chake hafifu hakionyeshi vitu vidogo. Faili lilikuwa moja tu. Nikaburuta mbele hadi pale mtu anapoanza kusema, kama tunavyofanya siku zote.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti, ukuta mtupu nyuma yake. Amekonda. Shati si lake.

"Mimi nina akili zangu timamu," alisema. "Nimeondoka kwa hiari yangu. Msinitafute. Nyumba na karakana namwachia kaka yangu. Mke wangu arudi kwao."

Kabla ya kila sentensi, macho yake yalikwenda kushoto, yakatulia huko, ndipo yakarudi.

"Hii umeipata wapi?" nikauliza.

"Ilisukumwa chini ya mlango wa duka langu."

"Na nani?"

"Mlango haukuniambia." Akajifuta jasho. "Sauti iko chini, picha ina kiza. Isafishe. Jumamosi ukoo mzima unakaa pale nyumbani, nataka hata aliyesimama uani aone na asikie. Baada ya hapo dada yako afungashe. Si maneno yangu, ni ya mumewe."

"Mafundi wamejaa mjini. Kwa nini umeniletea mimi?"

Hapo akatabasamu, nami tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

"Nikimpa fundi mwingine, mtasema nimeichezea. Wewe ni wa upande wao. Ihariri kwa mikono yako mwenyewe, halafu tuone nani atabisha."

Akaondoka. Dada akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Dada, umesikia alichosema?"

"Nimesikia."

"Huo si usemi wake! Shemeji gani anasema 'timamu'? Yule hata risiti alikuwa ananiomba mimi nimwandikie."

"Fanya kazi yako, mdogo wangu," alisema. "Fanya kama unavyofanya zote."

Akarudi kwenye cherehani. Trrrr. Trrrr. Nikajiambia: huyu amekauka machozi.

*

Nikaingia chumba cha ndani, nikalihamishia faili kwenye kompyuta ya kuhariri.

Kuna jambo moja kuhusu kile kiraka changu. Kwa picha za kamera yangu, ni dawa. Kwa picha za kamera nyingine, ambazo hazina ugonjwa, ni uchafu: kinaacha utando mdogo, kama alama ya kidole kwenye kioo. Ndiyo maana mtu akiniletea kazi iliyorekodiwa kwingine, hatua ya kwanza ni kukizima.

Na shemeji alikuwa msafi. Hakuna utando wala alama. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Nikakizima kiraka.

Nukta nyekundu ikawaka chini ya jicho lake la kushoto.

Nilifuta kioo kwa kiganja. Ikabaki. Nikasogeza picha mbele. Shemeji akainamisha kichwa, nukta ikapanda kwenye kipaji cha uso. Akainua kichwa, ikarudi chini ya jicho. Yeye alisogea. Yenyewe haikusogea.

Nikafungua klipu ya harusi ya juzi, kiraka kimezimwa, nikaziweka bega kwa bega. Mahali ni pale pale. Nikazikuza mpaka picha ikawa vigae vya rangi. Hata mkia wake ulikuwa ule ule, mkwaruzo mfupi unaoelekea chini, pale leza ilipopita ikienda zake.

Nikatazama tarehe ya faili. Ilisema video imerekodiwa kabla shemeji hajapotea.

Sasa nisikilize vizuri. Kamera haijui leo ni lini. Inajua ulichoiambia. Unafungua menyu, unairudisha nyuma miezi unavyotaka, na faili litaapa kwa tarehe yako bila kupepesa. Jeraha halirudishwi nyuma kwa menyu. Shemeji alipotea, ndipo leza ikaunguza kihisi. Video ina jeraha. Kwa hiyo amerekodiwa baada ya kupotea.

Yuko hai. Au alikuwa hai juzijuzi. Na aliyemrekodi alimrekodi kwa kamera yangu.

Niliinuka nimpelekee dada furaha hiyo. Nilifika nusu ya chumba, nikasimama.

Ningesimama mbele ya ukoo Jumamosi niseme nini? Kwamba video ni ya uongo, na shahidi wangu ni ugonjwa wa kamera yangu? Swali la kwanza lingekuwa, kamera hiyo analala nayo nani? Mimi. La pili, nani anayejua kufuta hiyo nukta? Mimi. Na nikinyamaza nikaifuta, nitakuwa nimemtoa dada yangu nyumbani kwake kwa vidole vyangu hivi kumi, na mtu aliyekaa kwenye kile kiti hakuna atakayemtafuta tena. Maana mwenyewe amesema asitafutwe.

Nikampigia Bosi Godoro, nimpime.

"Bosi, kuna kinukta chekundu usoni kwa ndugu yako."

"Kinukta gani?"

"Chini ya jicho."

"Si chunusi hiyo? Ifute, binti! Mnapenda kukuza mambo nyie." Akakata.

Hakushtuka. Mtu mwenye la kuficha angeniuliza nukta hiyo maana yake nini. Yeye alitaka tu ndugu yake apendeze.

Akabaki mmoja mwenye ufunguo wa kabati la kamera.

*

Kipaza alirudi mchana, nyaya shingoni kama mganga, akipiga mluzi.

"Kamera yangu umeitoa lini bila mimi?"

"Hata salamu hakuna siku hizi?"

"Nimekuuliza."

"Sijaitoa. Lile tofali lako nilibebe niende nalo wapi, nijenge?"

Nikamgeuzia kioo. Akamwona shemeji, akaacha mluzi. Akaiona nukta. Huyu hahitaji kuelezwa. Alikaa taratibu kama mtu anayekaa juu ya kitu asichokijua.

"Hii ni... hii ni ya kwetu."

"Ndiyo ya kwetu. Na wenye ufunguo ni mimi na wewe. Kipaza, umepewa nini? Yuko wapi?"

Akanyakua spika za masikioni kutoka mezani kwa hasira.

"Cheza. Tangu mwanzo."

"Nimeshaisikiliza."

"Wewe umeitazama. Hujaisikiliza. Cheza tangu mwanzo, si pale anapoanza kusema. Nyie watu wa picha mna ugonjwa wa kuruka mwanzo."

Alifumba macho. Nilitazama mistari ya sauti ikipita chini ya kioo, mawimbi madogo ya pumzi za mtu aliyekaa. Kabla ya neno la kwanza la shemeji, mbali kabisa mwanzoni, palisimama mstari mmoja mrefu, mwembamba kama msumari.

Kipaza akauwekea kidole.

"Unaona? Hilo ni kofi."

"Kofi gani?"

"Kofi la kuoanisha! Lile tunalopiga mbele ya lenzi ili baadaye sauti na midomo vikutane." Akavua spika. "Sasa nitukane tena. Mimi nipige kofi? Mimi mwenye kibao? Kile kibao changu cha ulimi, kinachogonga badala ya viganja, nakilaza kitandani kuliko mke!"

"Ulikuwa nacho siku hiyo?"

"Wewe! Sikiliza kwanza. Kofi tunapiga wakati gani?"

"Sauti ikiwa inarekodiwa pembeni, kwenye mashine nyingine."

"Na hapa?"

Nikasikiliza. Sauti ilikuwa na mwangwi wa chumba kitupu, nyembamba, ya mbali. Ilikuwa ya kamera yenyewe. Hapakuwa na mashine nyingine, wala maikrofoni kifuani. Hapakuwa na kitu cha kuoanisha na kitu.

"Sasa kofi la nini?" Kipaza aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjuzi asingepiga. Asiyejua kabisa asingepiga pia. Aliyepiga hili kofi alifundishwa kulipiga. Hakufundishwa sababu."

Kutoka chumba cha mbele, trrrr. Trrrr.

Tulipoifungua studio hii tulimrekodi shemeji karakanani kwake, tangazo dogo la milango yake ya chuma. Kipaza alikuwa kwenye mashine ya sauti, kibao amekisahau nyumbani, mikono yangu iko kwenye lenzi. Tulikuwa na msaidizi mmoja tu. Nilimwambia, "Kabla ya kila kitu, simama mbele ya lenzi, piga kofi moja, kisha ondoka. Usisahau, ukisahau tumeharibu." Alicheka. Aliniuliza ni uganga gani huu. Nikamwambia we piga tu.

"Rudi nyuma," alisema Kipaza. "Twende kwenye picha yenyewe."

"Sitaki."

"Rudi, bosi wangu. Umenitukana, sasa rudi."

Nikarudisha. Kiti, ukuta, shemeji amekaa, hajajua aweke wapi mikono. Kisha mikono miwili ikaingia kutoka kulia, karibu sana na lenzi, imefifia kwa kuwa lenzi haikuilenga. Nikasogeza picha moja moja. Mikono ikakutana. Ikaachana. Ikarudi nyuma kidogo, mbali na lenzi, na kwa picha moja tu, kabla haijatoka, ikaonekana wazi, kali kama wembe.

Ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa mweusi, umepasuka katikati, pale sindano ya cherehani ilipopita mwaka jana. Mimi ndiye niliyemfunga bandeji. Nukta nyekundu ilikuwa imetulia juu ya kifundo cha mkono wake kama tone.

Kipaza alivua kofia. Sijui kwa nini. Aliivua tu, akaishika mapajani.

"Labda kulikuwa na mtu amemsimamia," alinong'ona.

"Labda."

"Labda alilazimishwa."

"Kipaza, nyamaza."

Ndipo nikagundua kuwa nyumba nzima imenyamaza. Cherehani haikuwa ikilia. Sikujua imeacha tangu lini.

Mlango ulifunguka. Dada aliingia, akaufunga kwa mgongo wake, mikono ikiwa nyuma. Nilikimbilia kuzima kioo, vidole vikanigeuka, nikaikuza picha zaidi. Ukucha wake ukajaa kioo kizima.

Aliutazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama nguo aliyoishona akakuta uzi umening'inia.

"Ulikizima kiraka," alisema.

"Dada..."

"Unakibandika kwenye kila kitu. Nimekaa hapo mbele nikakusikia ukijisifu kwa kila mteja. Nikajua na hii itapita." Akatikisa kichwa. "Nilifikiria tarehe. Nikafikiria ukuta. Kofi, hata halikunijia akilini. Si ulisema nikisahau nimeharibu?"

"Shemeji yuko wapi?"

"Punguza sauti."

"Wanakutoa nyumbani kwako Jumamosi! Umeirekodi mwenyewe video ya kukutoa? Nani alikuwa kushoto kwake? Alikuwa anamtazama nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu mumewe apotee, nilimwona dada yangu anaogopa. Si kuogopa kwa huzuni, nilikuzoea kule. Huku kulikuwa kupya. Alitazama dirisha. Alimtazama Kipaza, akampima, akaamua.

"Kaka yake anajua kuhusu hiyo nukta?"

"Bosi Godoro? Nilimpigia nimpime. Hajui lolote, anadhani ni chunusi."

"Basi bado kuna muda." Akasogea kabatini. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake muda wote. Ndio aliokuwa ameuficha mgongoni. Si ufunguo wa Kipaza, wala si wangu. Ulikuwa mpya, unang'aa, wenye ncha kali za chuma kilichokatwa na mtu anayejua kukata chuma.

Najua mkono wa fundi mmoja tu anayemalizia kingo namna ile.

Alifungua kabati, akatoa begi la kamera, akaliweka mapajani mwangu. Tofali langu. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka.

"Betri zina chaji?" aliuliza.

"Za nini?"

"Mdogo wangu, nakuuliza kitu kidogo. Zina chaji?"

"Zina chaji."

"Shemeji yako amesema ile ya kwanza niliiharibu. Nilitikisika." Akanivalisha mkanda wa begi begani, akaufunga kwa mikono ile ile, ukucha mweusi ukipita mbele ya macho yangu. "Anataka kurekodiwa tena leo. Na safari hii amekutaka wewe."